Madiwani Wasio na Majina: Kumsoma Meya Sosi Baada ya Gavana Sonko



Kwa toleo hili mhariri aliniomba niandike uhakiki wa kitabu kimojawapo kati ya vile tunavyosoma na wanafunzi wetu. Nimechagua tamthilia ya Mstahiki Meya ya Timothy Arege, mtunzi wa Kenya, iliyochapishwa mwaka 2009. Wengi wenu mnaifahamu. Nchini Kenya ilitahiniwa katika shule za sekondari kwa miaka kadhaa, na kwa njia hiyo miongozo yake ilivuka mipaka ikatufikia hata sisi wa Rusizi, ambako vitabu vya Kiswahili huja kwa taabu, mara nyingine ndani ya mfuko wa mtu anayerudi kutoka Nairobi au Kampala.

Hata hivyo, sikuichagua kwa sababu inafahamika. Niliichagua kwa sababu ya swali la mwanafunzi mmoja anayetoka Bugarama. Tulikuwa tumemaliza kuisoma tamthilia yote, na mimi, kama ilivyo desturi yangu, nilikuwa nimeandika ubaoni dhamira kuu: uongozi mbaya, ubadhirifu, unafiki, mapambano ya wafanyakazi, ushindi wa umma. Akanyoosha mkono akasema, "Samahani mwalimu. Hao madiwani walikuwa wapi tangu mwanzo?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu jibu la mwongozo, kwamba madiwani ni vibaraka wanaowakilisha tabaka tawala. Akaandika, akakaa. Lakini jibu hilo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe, na makala haya ni jaribio la kumjibu upya.

Cheneo na watu wake

Kwa wale ambao hawajaisoma, tuanze na muhtasari mfupi. Mji wa Cheneo unaongozwa na Meya Sosi. Wafanyakazi wa baraza hawajalipwa mishahara yao, zahanati haina dawa, taka zimezagaa, na wakati huohuo baraza linajiandaa kuwapokea wageni kwa fahari. Meya anakula vizuri, anajali sifa, na wafanyakazi wanapogoma anafikiria jinsi ya kuwanyamazisha badala ya jinsi ya kuwalipa. Rafiki yake Bili anamshauri mambo ya kujitajirisha, likiwamo la kuiuza fimbo ya Meya, ambayo ni alama ya cheo chenyewe. Mhubiri yupo wa kuombea utawala. Mwishoni askari wanaingia na Meya anatiwa mbaroni.

Kifani, tamthilia hii haina makuu. Lugha yake ni nyepesi, kejeli yake inaeleweka upesi, na ishara zake ziko wazi. Fimbo inapouzwa, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatambua kwamba kilichouzwa ni mamlaka yenyewe, na kwamba mtu anayeuza alama ya kiti chake ameshakiacha kiti hicho kabla hajaondolewa. Hizi ni sifa nzuri kwa kitabu cha shule, nami sina ugomvi nazo.

Jambo ninalotaka tulitazame kwa makini ni usawiri wa madiwani. Mtunzi amewapa majina watu wengi: Sosi, Bili, Siki, Waridi, Gedi. Madiwani hakuwapa majina. Wanaitwa Diwani wa I, Diwani wa II na Diwani wa III. Wahakiki wengi hupita hapo haraka wakisema kwamba mtunzi alitaka kuwafanya wahusika hao wawe wa kijumla. Mimi naona kuna zaidi ya hapo. Katika baraza diwani ni namba, na kazi yake kubwa ni kuhesabiwa. Anapounga mkono anahesabiwa, na anapoacha kuunga mkono anahesabiwa vilevile. Yule wa III, anayethubutu kupinga, naye ana namba tu, kana kwamba mtunzi anatuambia kwamba hata dhamiri ikiingia katika chumba kile itahesabiwa kuwa moja, dhidi ya mbili.

Ikumbukwe pia kwamba katika Kenya ya wakati ule meya alichaguliwa na madiwani wenzake. Wananchi walimchagua diwani, naye diwani akamchagua meya. Kwa hiyo kiti cha Sosi kiliwekwa juu ya mabega ya watu hao wenye namba. Wangeweza kukishusha. Swali la mwanafunzi wangu, basi, lilikuwa swali la msingi kuliko jibu langu.

Kutoka Cheneo hadi Nairobi

Mwaka 2013 mabaraza ya miji ya Kenya yalikoma, zikaanza serikali za kaunti chini ya katiba ya 2010. Meya aliyechaguliwa na madiwani akatoweka, akaja gavana anayechaguliwa na wananchi moja kwa moja. Mtu angedhani kwamba sasa habari ya Diwani wa I na wa II imekwisha. Haikwisha. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 181, iliweka njia ya kumwondoa gavana, na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 ikaieleza njia hiyo kwa hesabu: thuluthi moja ya wawakilishi wa wadi kuunga mkono ilani ya hoja, thuluthi mbili kuipitisha hoja yenyewe, kisha Seneti kuamua.

Mfano unaofaa kuwekwa mezani pamoja na Sosi ni wa Mike Mbuvi Sonko. Alikuwa mbunge wa Makadara tangu 2010, akawa seneta wa kwanza wa Nairobi mwaka 2013, na Agosti 2017 akachaguliwa kuwa gavana wa jiji hilo kwa tiketi ya chama cha Jubilee, kwa kura zaidi ya 800,000, akimshinda Evans Kidero wa ODM. Hata jina lake ni somo la lugha: sonko katika Sheng ni tajiri, mtu mwenye uwezo. Watu wa mitaa ya chini walimpenda. Kikosi chake cha misaada kiligawa maji na kutoa magari ya wagonjwa na ya maziti mahali ambapo huduma za baraza hazikufika. Kwa hili alikuwa kinyume kabisa cha Sosi, ambaye hakumpa mtu kitu.

Tufuate matukio kwa mpangilio. Januari 2018, miezi mitano tu baada ya uchaguzi, naibu wake Polycarp Igathe alijiuzulu, na kiti hicho kikabaki wazi muda mrefu. Desemba 2019 Sonko alikamatwa akashtakiwa kwa makosa ya rushwa, ambayo aliyakana, na mahakama ikamzuia kuingia ofisini. Tarehe 25 Februari 2020, akiwa Ikulu, alitia saini mkataba wa kuikabidhi serikali kuu majukumu makubwa ya kaunti, na mwezi uliofuata chombo kipya cha kulihudumia jiji kikawekwa chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Baadaye gavana alijutia saini hiyo hadharani. Akakataa kuidhinisha bajeti ya 2020/2021 iliyokipa chombo hicho sehemu kubwa ya fedha. Tarehe 3 Desemba 2020 Bunge la Kaunti likapiga kura ya kumwondoa: wawakilishi 88 waliunga mkono, wakati waliohitajika hawakuzidi 82. Tarehe 17 Desemba Seneti ikathibitisha kwa kura 27 dhidi ya 16. Mwezi Julai 2022 Mahakama ya Juu iliikataa rufaa yake.

Hoja ililetwa na upande wa ODM. Lakini chama kilichokuwa na wawakilishi wengi katika bunge lile kilikuwa Jubilee, chama cha gavana mwenyewe. Wapinzani peke yao wasingeweza kufika 82. Kwa maneno mengine, Sonko hakuangushwa na maadui zake. Maadui walifungua mlango, wa nyumbani ndio waliomtoa nje. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Na hapa swali la mwanafunzi wa Bugarama linarudi na kutaka jibu. Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2020 ilikuwapo hoja ya kwanza ya kumwondoa gavana huyo. Haikufika kwenye kura. Mashtaka ya rushwa yalikuwa tayari mahakamani tangu Desemba iliyotangulia. Naibu gavana alikuwa hayupo tangu 2018. Mambo mengi aliyolaumiwa nayo Desemba yalijulikana Februari. Bajeti iliongeza kosa jipya, ni kweli. Lakini kilichobadilika zaidi ni hesabu: nani amesimama na nani, nani ameambiwa nini na wakubwa wa chama, na nani anaogopa kubaki wa mwisho upande unaozama.

Sisemi kwamba Sonko alionewa, wala sisemi kwamba alistahili. Katika kesi mojawapo ya rushwa mahakama ilimwachia huru Desemba 2022. Hilo ni suala la wanasheria. Mimi ni mwalimu wa lugha na fasihi, na ninachokiona ni hiki: makosa na kuachwa ni vitu viwili. Mtu anaweza kukosea miaka mitatu akiwa na watu wake wote, akaachwa siku moja.

Udhaifu wa tamthilia

Tukirudi Cheneo tukiwa na habari hii, tutaona mahali ambapo tamthilia inalegea. Arege amemfanya Sosi awe mwovu kiasi kwamba hakuna la kujiuliza. Anawanyima watu mshahara, anaiuza fimbo, anadharau wagonjwa. Msomaji anamchukia ukurasa baada ya ukurasa, na askari wanapoingia anapiga makofi. Lakini kwa kufanya hivyo mtunzi amewapunguzia madiwani mtihani. Diwani wa I na wa II hawafiki kamwe mahali pa kuchagua. Wanabaki na mkubwa wao, na pazia linashuka. Hatuoni ule usiku ambao Diwani wa II angelala macho wazi akipima: nikibaki nitazama naye, nikiondoka nitaitwa msaliti, nikisubiri kidogo labda wenzangu wataanza. Usiku huo ndio mchezo wa kuigiza wenyewe. Nairobi walikuwapo watu 88 waliopitia usiku wa aina hiyo, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna kitabu kilichotuonyesha.

Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, tafsiri iliyochapishwa kwanza mwaka 1963, aliwapa wasomaji wa Kiswahili mfano wa kinyume chake. Mle ndani wanaomgeuka mkubwa wana majina, wana wake wanaowauliza kwa nini hawalali, wana sababu njema na sababu mbaya zilizochanganyika, na baada ya tendo wanasimama mbele ya watu kujieleza. Unaweza kuwahukumu kwa sababu unawajua. Diwani wa II huwezi kumhukumu. Unaweza tu kumhesabu.

Mtetezi wa Arege atasema: ndiyo maana yake! Mtunzi alitaka tuone kwamba hawana nafsi. Naikubali hoja hiyo nusu. Ni kejeli nzuri. Lakini kitabu kinachosomwa na vijana wa miaka kumi na saba kinawafundisha pia jinsi ya kuyatazama mambo ya mji wao. Kijana akitoka na imani kwamba kiongozi mbaya huondoka askari wanapoingia, na kwamba walio pembeni yake ni watu wa aina nyingine kabisa, wasio na nafsi, hatajitambua siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa amekaa pembeni.

Kiambishi ji- na siasa

Sasa tuingie katika isimu kidogo, maana idara yetu ni ya lugha. Kiswahili kina kitenzi kuuzulu, chenye asili ya Kiarabu, maana yake kumwondoa mtu katika cheo. Ukiweka kiambishi cha kujirejea unapata kujiuzulu: mtenda na mtendwa ni mtu mmoja, anajiondoa mwenyewe. Kisarufi hakuna tatizo. Kisiasa, kiambishi ji- ni kimojawapo cha viambishi vinavyofanya kazi ngumu sana Afrika Mashariki.

Mfano maarufu ni wa Januari 1984. Aboud Jumbe alikuwa Rais wa Zanzibar tangu Karume alipouawa Aprili 1972. Alikuwa pia Makamu wa Rais wa Muungano, na Makamu Mwenyekiti wa CCM tangu TANU na ASP zilipoungana tarehe 5 Februari 1977. Katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama hicho mjini Dodoma, chini ya uenyekiti wa Nyerere, Jumbe aliwekwa kitako kuhusu msimamo wake juu ya muundo wa Muungano na waraka uliokuwa umeandaliwa wa kulipeleka suala hilo katika mahakama ya katiba. Kikao kilipokwisha, alikuwa ameacha nyadhifa zote. Kumbukumbu rasmi zinasema alijiuzulu. Na hali iliyosababisha hayo ikapewa jina ambalo wazee wa Visiwani wanalikumbuka hadi leo: kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa.

Tazameni sentensi hiyo kwa jicho la mwanasarufi. Hali ya hewa imechafuka. Nani ameichafua? Kitenzi kimenyambuliwa katika kauli ya kutendeka, na mtenda hayumo. Mawingu yalikuja yenyewe, mvua ikanyesha yenyewe, na mtu mmoja akajiondoa mwenyewe. Kikao kizima cha watu wenye majina kimetoweka ndani ya sarufi.

Na kuna la kuongeza. Miaka karibu 30 baadaye, mwaka 2013, Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilitoa rasimu iliyopendekeza Muungano wa serikali tatu. Wazo ambalo mwaka 1984 lilimgharimu mtu vyeo vyake likaandikwa katika waraka wa taifa na kujadiliwa mchana kweupe. Jumbe alikuwa bado hai, akiishi Kigamboni, hadi alipofariki Agosti 2016. Sisemi kwamba wazo hilo ni sahihi; Watanzania wenyewe hawajakubaliana juu yake, na rasimu ile haikuwa katiba. Nasema tu kwamba chumba kizima kikimgeuka mtu, hiyo haitoshi kuwa ushahidi kwamba amekosa. Cheneo hatia na kuachwa vinakwenda pamoja, kama pete na kidole. Duniani vinaachana mara nyingi.

Sisi wa Rwanda tusiwacheke majirani. Hapa kwetu meya wa wilaya hutoka ndani ya njyanama, yaani baraza la wilaya, na njyanama hiyohiyo yaweza kumwondoa. Mwanzoni mwa Septemba 2019, kwa mfano, wilaya kadhaa, zikiwamo Karongi na Musanze, zilibaki bila meya ndani ya siku chache. Kila msikilizaji wa redio nchini anaifahamu fomula ya barua: kwegura ku mpamvu ze bwite, kujiuzulu kwa sababu zake binafsi. Lakini Kinyarwanda cha mitaani kina kitenzi cha pili, kweguzwa, yaani kufanywa ujiuzulu. Kauli ya kutendesha na ya kutendwa zimekaa pamoja ndani ya neno moja dogo. Wasemaji wa Kiswahili nao wameanza kusema kwa mzaha kwamba fulani amejiuzulishwa. Mwalimu wa sarufi atatia alama nyekundu chini ya neno hilo. Mimi ningemwomba asite kidogo. Lugha ya watu inajaribu kumrudisha mtenda aliyefichwa na lugha ya barua.

Aliye juu mngoje chini

Tuna methali tunayoipenda sana kuitumia katika habari za namna hii: aliye juu mngoje chini. Wanafunzi huiandika katika insha karibu zote za uongozi. Wanadhani inamtisha mkubwa. Mimi siku hizi naisoma tofauti. Kitenzi chake ni kungoja. Inatuambia tukae chini, tutazame juu, tungoje. Haisemi tumwambie. Haisemi tumzuie mapema asianguke na watu. Methali hii, ikisomwa hivyo, ni falsafa ya Diwani wa II.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo kwa uchungu kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya ushirika mmoja ambao jina lake halina umuhimu hapa. Mwenyekiti wetu alianza vizuri. Baadaye vikao vikaanza kufanyika bila hesabu kusomwa. Niliona. Mjumbe mwenzangu mmoja, mama mfanyabiashara wa Kamembe, aliuliza mara mbili habari za daftari la mapato, na mara zote mbili tulimwacha aulize peke yake. Mara ya tatu hakuja kwenye kikao. Mimi nilikuwa msomi wa kamati. Nilikuwa nimerudi na shahada ya uzamili kutoka Dar es Salaam, nilijua kuandika kumbukumbu za mikutano kwa lugha tatu, na niliandika kwamba kikao kilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Jioni moja mjumbe akaja nyumbani kwangu, akakaa, akanywa chai, akasema, "Mwalimu, tumefika saba. Wewe utakuwa wa nane." Hakunieleza kosa la mwenyekiti, nami sikumwuliza. Alinieleza idadi. Kikao kilichofuata nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu. Katika kumbukumbu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, niliandika kwamba mwenyekiti amejiuzulu kwa sababu zake binafsi.

Nilikutana naye sokoni wiki chache baadaye. Alinisalimu kama kawaida, akauliza habari za watoto. Kisha akasema, "Mwalimu, kunyoosha mkono sikukulaumu. Lakini ulikuwa unakuja kwangu kila Jumapili. Mbona hukuniambia?"

Sina jibu hadi leo. Na ndiyo maana swali la mwanafunzi lilinichoma. Aliuliza madiwani walikuwa wapi, na mimi nilikuwa nawajua walikokuwa. Walikuwa wamekaa wakinywa chai, wakingoja kuambiwa wamefika wangapi.

Tufundisheje?

Mhakiki akikosoa tu bila kupendekeza anafanana na daktari anayetaja ugonjwa akaondoka. Napendekeza mambo matatu kwa wenzangu wanaofundisha Mstahiki Meya, au kitabu kingine chochote cha aina hiyo.

Kwanza, tuwape wanafunzi kazi ya kuwapa madiwani majina. Kila mmoja amchukue Diwani wa I au wa II, ampe jina, familia, deni la shule, kijiji alikotoka, kisha aandike onyesho moja ambalo halimo kitabuni: usiku kabla ya kuamua. Nimeijaribu kazi hii darasani. Wengi waliwaandika madiwani waoga. Mmoja alimwandika diwani ambaye anakwenda kwa Sosi usiku, kabla ya wote, anamwambia ukweli wote ana kwa ana, anafukuzwa, na asubuhi anapiga kura ya kumtetea kwa sababu mashtaka yaliyoletwa si yale anayoyajua yeye kuwa ya kweli. Nilisoma kazi ile mara mbili. Sikuwa nimemfundisha hivyo.

Pili, tufundishe kauli za kutenda, kutendwa na kutendeka kwa kutumia habari za magazeti na redio badala ya sentensi za "kikombe kimevunjika". Mwanafunzi aulizwe kila mara: mtenda ni nani, na kwa nini hayumo? Zoezi hilo ni la sarufi halisi, na litamfaa hata siku atakapokuwa mjumbe wa kamati.

Tatu, tumsome upya Diwani wa III. Miongozo humsifu kwa neno moja, "mwadilifu", ikapita. Lakini thamani yake imo katika wakati anaposema. Anapinga wakati Sosi bado ana nguvu, wakati kupinga kuna gharama na hakuna faida. Wanaosema baada ya hesabu kutimia wanaweza kuwa na haki, na pengine sheria inawahitaji, maana bila thuluthi mbili hakuna kitakachofanyika. Lakini tusiwachanganye na yule aliyesema alipokuwa mmoja. Yule mama wa Kamembe alikuwa Diwani wa III wetu, na hatukumhesabu.

Ndipo narudi kwa Arege kwa heshima. Nimemlaumu kwamba hakuwapa madiwani usiku wao. Lakini huenda alituachia namba zile makusudi, kama fomu ambayo bado haijajazwa, na kazi ya kujaza jina ni ya msomaji. Mimi nimeshaijaza ya kwangu. Mwanafunzi wa Bugarama, ukiyasoma makala haya, hilo ndilo jibu langu la pili. La kwanza ulifute katika daftari lako.

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa walimu wanaoamini kwamba nimekionea kitabu, wanakaribishwa kumwandikia mhariri kwa toleo lijalo. Waandike kwa majina yao.